Usimbaji Bila Kompyuta: Michezo ya Uani Inayomwandaa Mtoto wa Elimu ya Awali

SOMO LA WAZAZI, WALEZI NA WALIMU WA ELIMU YA AWALI

Utangulizi

Miongoni mwa maswali ambayo wazazi na walezi huyauliza mara kwa mara katika zama hizi za teknolojia ni hili: je, mtoto wa miaka minne au mitano ambaye nyumbani kwao hakuna kompyuta, na shuleni kwake hakuna chumba cha kompyuta, hajaachwa nyuma tayari? Swali hili lina uzito wake. Linawafanya baadhi ya wazazi wamkabidhi mtoto simu kutwa nzima wakidhani kwamba wanamwendeleza. Linawafanya wengine watafute fedha za kulipia mafunzo ambayo hawajui ndani yake mna nini. Na wengine hukata tamaa kabisa, wakiamini kwamba elimu ya namna hiyo ni ya watoto wa mijini peke yao.

Jibu ni kwamba mtoto huyo hajaachwa nyuma. Msingi wa stadi za kompyuta kwa mtoto mdogo haujengwi kwenye kioo cha simu. Hujengwa katika uwezo wa kupanga hatua, kutoa maelekezo yaliyo wazi, kutambua jambo linalojirudia, kufuata sharti na kutafuta kosa lilipo. Mambo hayo yote yanaweza kufundishwa uani, kwa kijiti, vizibo vya soda na vipande vya boksi. Somo hili linaeleza namna ya kufanya hivyo, hatua kwa hatua, ili mzazi aweze kuanza leo hii bila gharama na mwalimu aweze kulitumia darasani.

Usimbaji ni nini?

Usimbaji ni kazi ya kuandika maelekezo ambayo kompyuta itayafuata. Maelekezo hayo yakikusanywa pamoja huitwa programu. Kila huduma tunayoipata kupitia simu, kuanzia kutuma fedha hadi kupokea ujumbe wa kulipia ankara ya maji, inatokana na maelekezo yaliyoandikwa na mtu fulani.

Ili kulielewa jambo hili, tufikirie mama anayemtuma mtoto dukani: “Nenda dukani. Kama kuna sukari, nunua nusu kilo. Kama hakuna, rudi na fedha.” Kauli hiyo, kwa hakika, ni programu ndogo. Ina mfuatano wa hatua, na ina sharti linaloamua hatua ipi ifuatwe. Tofauti ni kwamba mtoto ana akili ya kujaza pengo. Mama akisahau kusema “rudi,” mtoto atarudi tu. Kompyuta haina akili hiyo. Ni mtumishi mtiifu asiyekisia: hufanya lile aliloamriwa, kama alivyoamriwa, na asipoambiwa arudi atabaki hukohuko dukani. Ndiyo maana anayeiandikia kompyuta maelekezo hana budi kufikiri kwa utaratibu na kusema kwa usahihi.

Mpango wa hatua za kutatua tatizo huitwa algorithimu. Neno hilo limetokana na jina la al-Khwarizmi, mwanahisabati aliyefanya kazi mjini Baghdad katika karne ya 9, zaidi ya miaka elfu moja kabla ya kompyuta kubuniwa. Hilo peke yake linatukumbusha kwamba fikra ilitangulia mashine.

Kwa mtoto wa elimu ya awali, tunakusudia kumjengea dhana nne tu:

1. Mfuatano: mambo hufanyika kwa mpangilio, na mpangilio ukibadilika matokeo huweza kubadilika.
2. Marudio: kundi la hatua linaweza kurudiwa mara kadhaa bila kutajwa upya kila mara.
3. Sharti: jambo fulani likiwa hivi tunafanya hili, likiwa vinginevyo tunafanya lile.
4. Utafutaji wa kosa: matokeo yakiwa siyo tuliyoyataka, tunarudi nyuma kuitafuta hatua iliyokosewa na kuirekebisha.

Wazo hili lilianzia wapi?

Huenda msomaji akadhani kwamba kufundisha usimbaji bila kompyuta ni mbadala wa maskini. Historia inaonesha vingine. Mtaalamu aliyeongoza fikra hizi, Seymour Papert, alizaliwa Pretoria, Afrika Kusini, mwaka 1928. Baada ya kufanya kazi na Jean Piaget, mtafiti mashuhuri wa makuzi ya akili ya watoto, alihamia Marekani. Mwaka 1967, yeye pamoja na Cynthia Solomon na Wally Feurzeig walitengeneza lugha ya kompyuta kwa ajili ya watoto iliyoitwa Logo. Baadaye mtoto aliweza kuitumia lugha hiyo kumwongoza “kobe,” yaani kifaa kidogo kilichotembea sakafuni huku kikichora mstari.

Papert alisisitiza jambo moja ambalo ni muhimu kwetu. Mtoto aliposhindwa kujua amwamuru kobe nini, aliambiwa asimame, ajifanye yeye ndiye kobe, na aitembee njia ile kwa miguu yake mwenyewe. Mwili ulimfundisha kile ambacho maneno hayakuweza kumfundisha.

Katika miaka ya 1970, Radia Perlman, aliyekuwa mwanafunzi katika Taasisi ya Teknolojia ya Massachusetts, alikwenda mbali zaidi. Watoto aliowalenga walikuwa hawajajua kusoma wala kuandika. Aliwatengenezea vitufe na kadi za kupanga kwa mikono, ili mtoto aweze kumwamuru kobe bila kuandika neno lolote. Miaka mingi baadaye, nchini New Zealand, wataalamu wa Chuo Kikuu cha Canterbury walikusanya michezo ya kufundishia sayansi ya kompyuta kwa kadi, kamba na chaki, pasipo kompyuta. Michezo hiyo sasa inatumika katika nchi nyingi, zikiwamo zile zenye kompyuta tele shuleni.

Kwa hiyo, mzazi anayechora miraba uani na kumpa mtoto kadi za mishale hafanyi jambo la kubahatisha. Anafuata njia iliyochaguliwa na wataalamu wenyewe.

Michezo mitano ya kuanzia

Michezo ifuatayo imepangwa kuanzia mwepesi kuelekea mgumu. Hakuna haja ya kuicheza yote kwa siku moja. Dakika 10 hadi 15 zinatosha, na mtoto akichoka, mchezo uishe.

Mchezo wa kwanza: Kadi za kunawa mikono (mfuatano)

Kata vipande vitano vya boksi. Katika kila kipande chora picha ya hatua moja ya kunawa mikono: kulowesha mikono, kupaka sabuni, kusugua, kusuuza na kukausha. Picha haihitaji uchoraji wa kifundi. Alama ambayo wewe na mtoto mmekubaliana maana yake inatosha. Changanya kadi hizo, kisha mwombe mtoto azipange.

Baada ya hapo, wekeni mpangilio huo katika vitendo penye maji. Kama mtoto ametanguliza kusuuza kabla ya kusugua, usimsahihishe kwa mdomo. Fuateni kadi zake kama zilivyo, kisha mwulize kama mikono imekuwa safi. Atagundua mwenyewe.

Akiimudu kazi hiyo, mpeni kadi za kuandaa chai, naye ashiriki kwa kadi tu, mbali na moto. Hapa kuna funzo la ziada. Zipo hatua zinazoweza kubadilishana nafasi bila madhara, kwa mfano kutia sukari kabla au baada ya majani. Zipo pia zisizoweza kubadilishana: hatuwezi kumimina chai kikombeni kabla ya kuchemsha maji. Mtoto anayeweza kutofautisha aina hizo mbili za hatua ameingia ndani hasa ya fikra za usimbaji. Kwa mtoto wa miaka mitatu, anza na kadi mbili au tatu, kisha ongeza kidogo kidogo.

Mchezo wa pili: Vizibo na ushanga (marudio)

Kusanya vizibo vya chupa za soda, vijiti, mbegu au shanga kubwa. Panga mstari huu: kizibo, kizibo, kijiti, kizibo, kizibo, kijiti. Mwulize mtoto kinachofuata ni nini. Kisha mwombe aendeleze mstari huo mpaka ufike mlangoni. Mwishowe mwachie yeye atunge mpangilio wake, nawe uwe wa kukisia.

Mpangilio unaojirudia umejaa katika maisha yetu. Msusi wa ukili anayetengeneza mkeka hurudia hatua zilezile mpaka ua litokee. Atungaye shanga hufanya vivyo hivyo. Mtoto aonyeshwe mkeka wa nyumbani na aulizwe ni wapi mpangilio unapoanza tena. Kwa watoto wanaopenda kelele, mpangilio unaweza kuwa wa sauti: makofi mawili, kishindo kimoja cha mguu, kisha kurudia mara tatu. Maneno “rudia mara tatu” yana maana ileile katika programu ya kompyuta.

Angalizo kwa usalama: vitu vidogo kama shanga na mbegu visiachwe kwa watoto walio chini ya miaka mitatu, kwa kuwa wanaweza kuvimeza au kuviingiza puani na masikioni. Vizibo vya chuma vikaguliwe visiwe na kingo kali wala kutu.

Mchezo wa tatu: Nyama au si nyama (sharti)

Wengi wetu tumeucheza mchezo huu utotoni. Kiongozi hutaja jina la mnyama. Kama nyama yake huliwa, watoto hujibu kwa pamoja na kuruka. Kama hailiwi, hukaa kimya. Anayeruka pasipostahili huangua kicheko cha wenzake, na mchezo huendelea.

Ndani ya furaha hiyo mna sharti kamili: kama nyama ya mnyama huyu huliwa, ruka, vinginevyo, tulia. Ukitaka kuendeleza somo, badilisha sharti: “Kama mnyama ana miguu minne, ruka. Kama ana miguu miwili, piga makofi. Kama hana miguu, kaa chini.” Sasa mtoto anapaswa kusikia, kufikiri, kuchagua na kutenda kwa haraka.

Kabla ya kuanza, kubalianeni. Wapo watoto ambao kwao nyama fulani huliwa na wenzao ambao kwao hailiwi, kwa sababu za imani au mila. Badala ya kuacha jambo hilo lizue ubishi au dhihaka, kiongozi atangulie kueleza kanuni ya mchezo wa siku hiyo. Hilo nalo ni funzo la usimbaji, maana sharti lisilofafanuliwa vizuri huleta matokeo yasiyotarajiwa.

Mchezo wa nne: Mtumishi asiyekisia (usahihi wa maelekezo)

Katika mchezo huu mzazi ndiye mashine na mtoto ndiye mwenye kuamuru. Weka kikombe na jagi la maji mezani. Mtoto atoe maelekezo ya kumimina maji kikombeni, nawe uyafuate kama yalivyo. Akisema “mimina” kabla hujashika jagi, inua mkono mtupu na ujifanye unamimina. Akisema “shika jagi,” lishike na ubaki hivyohivyo, ukisubiri amri inayofuata. Akisahau kusema “acha,” endelea kumimina mpaka maji yakaribie kufurika, huku ukimtazama.

Watoto hufurahia mno kumwona mtu mzima akitenda kwa ujinga namna hiyo, na katika furaha hiyo hujifunza kwamba maelekezo lazima yawe kamili. Michezo kama huu hukuza lugha pia. Mtoto hulazimika kutumia maneno kama juu, chini, ndani, kabla, baada, mpaka na tena. Maneno hayo ni msingi wa stadi za Kusoma, Kuandika na Kuhesabu atakazozihitaji darasa la kwanza.

Mchezo wa tano: Kobe uani (dhana zote kwa pamoja)

Kwa kijiti au chaki, chora chini miraba 16, yaani safu nne zenye miraba minne kila moja, mtoto aweze kusimama ndani ya kila mraba. Tengeneza kadi za aina tatu: mshale wa kwenda mbele mraba mmoja, alama ya kugeuka kulia na alama ya kugeuka kushoto. Kugeuka ni kubadilisha uelekeo tu, bila kuhama mraba. Mtoto mmoja awe kobe, mwingine awe mpangaji. Weka jani la mchicha katika mraba mmoja. Hicho ndicho chakula cha kobe.

Tuchukue mfano. Kobe amesimama katika mraba wa kona ya chini kushoto, akitazama juu. Mchicha uko safu mbili mbele yake, kisha mraba mmoja upande wa kulia. Mpangaji anatakiwa aweke kadi hizi chini kwa mfuatano: mbele, mbele, geuka kulia, mbele. Kadi zote zipangwe kwanza, ndipo kobe aanze kutembea. Kanuni hii ni muhimu, kwa kuwa inamfundisha mtoto kufikiri mapema kabla ya kutenda.

Ikiwa mpangaji amesahau kadi ya kugeuka, kobe atakwenda mbele mara tatu na kuishia safu ya juu kabisa, mchicha ukibaki nyuma yake upande wa kulia. Hapo watoto warudi mwanzo, wazisome kadi moja moja huku kobe akitembea, mpaka waione hatua iliyopungua.

Watoto wengi wa umri huu bado huchanganya kulia na kushoto. Mfungeni kobe kitambaa katika mkono wa kulia, na kadi ya kugeuka kulia ipakwe rangi ya kitambaa hicho. Wakizoea, ongezeni vikwazo: jiwe katika mraba mmoja liwe mto usiovukika, nao watafute njia ya kuzunguka. Wakiendelea zaidi, tengenezeni kadi ya “rudia,” ili badala ya kuweka kadi tatu za mbele, waweke moja na alama ya mara tatu.

Kosa lipokelewe vipi?

Michezo hii inaweza kuharibiwa na jambo moja tu: namna mtu mzima anavyolipokea kosa la mtoto.

Katika usimbaji, kukosea ni sehemu ya kazi ya kila siku. Hata wataalamu waliobobea hutumia sehemu kubwa ya muda wao kutafuta makosa katika maelekezo waliyoyaandika wenyewe. Mtoto anayekaripiwa, anayechekwa au anayepigwa kofi kwa sababu kobe wake amekwenda njia mbaya hujifunza somo jingine kabisa: kwamba ni salama zaidi kutojaribu. Ataanza kusubiri aambiwe jibu. Akifika darasa la kwanza na tabia hiyo, atanyamaza asipoelewa, na mwalimu hatajua kwamba hajaelewa.

Wahenga walisema, samaki mkunje angali mbichi. Baadhi yetu tumeichukua methali hii kuwa ruhusa ya fimbo. Lakini samaki mbichi hukunjwa polepole, kwa mikono laini. Ukimkunja kwa nguvu huvunjika.

Mtoto anapokosea, mzazi au mwalimu atumie maswali haya matatu, kwa sauti ya upole:

1. Ulitaka itokee nini?
2. Imetokea nini?
3. Ni kadi ipi tuibadilishe?

Kisha asubiri. Kusubiri ni kazi ngumu kwa mtu mzima, lakini ndimo ujifunzaji unamofanyika. Mtoto akishindwa, mzazi asimpe jibu zima, ampunguzie tatizo: “Tuangalie kadi mbili za mwanzo tu.” Kuligawa tatizo kubwa kuwa madogo ni stadi nyingine ya usimbaji.

Vipi kuhusu simu na vishikwambi?

Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo mwaka 2019 kuhusu watoto walio chini ya miaka mitano. Mwongozo huo unashauri kwamba mtoto wa mwaka mmoja na chini ya hapo asikalishwe mbele ya skrini, na mtoto wa miaka miwili hadi minne asizidishe saa moja kwa siku. Ikiwa chini ya hapo, ni bora zaidi. Mwongozo huohuo unataka watoto wa miaka mitatu na minne wawe katika mwendo na michezo ya mwili kwa jumla ya angalau dakika 180 kwa siku. Kobe wa uani anachangia lengo hilo, simu haichangii.

Hatusemi kwamba vifaa vya kidijitali havina nafasi. Ipo programu iitwayo ScratchJr, iliyotolewa mwaka 2014 kwa ajili ya watoto wa miaka mitano hadi saba, ambayo hupatikana bure. Mtoto huunganisha vipande vyenye picha ili kumfanya mhusika atembee, aruke au aseme, bila kuhitaji kujua kusoma. Familia yenye kishikwambi inaweza kuitumia kwa mtoto aliyefikia umri huo. Lakini mzazi aketi naye, muda uwe na kikomo, na mtoto awe amekwisha kucheza kwa kadi na kwa mwili. Kutazama katuni, hata ziwe za elimu, si usimbaji. Mtoto anasimba pale tu anapotoa maelekezo yeye.

Kwa mzazi anayeshawishiwa kulipia mafunzo ya kompyuta kwa mtoto mdogo, ni vyema kwanza aulize: mtoto atatumia muda gani mbele ya skrini? Atakuwa anatengeneza kitu au anatazama tu? Mwalimu ana mafunzo ya malezi ya watoto wadogo? Je, naweza kuketi na kushuhudia kipindi kimoja kabla ya kulipa? Asiyekuwa na majibu ya maswali hayo hastahili kupewa ada yako.

Kwa walimu wa madarasa ya awali

Mtaala ulioboreshwa wa mwaka 2023, ambao ulianza kutumika Januari 2024 kwa elimu ya awali, unasisitiza ujifunzaji kwa njia ya michezo na matumizi ya zana zinazopatikana katika mazingira. Michezo tuliyoieleza haiongezi somo jipya katika ratiba. Kadi za kunawa zinaingia katika afya, vizibo katika dhana za awali za hisabati, na mtumishi asiyekisia katika lugha.

Katika darasa lenye watoto wengi, mwalimu anaweza kuwagawa katika makundi ya watano watano na kuweka mchezo mmoja katika kila kona ya ujifunzaji, makundi yakibadilishana. Kobe achezwe nje, ambako kuna nafasi. Ni vyema nafasi ya mpangaji izungushwe kwa zamu. Bila zamu, watoto wachache wenye sauti kubwa, na mara nyingi wavulana, ndio hupanga kila siku, na wasichana hubaki kuwa kobe wa kuamriwa.

Watoto wenye mahitaji maalumu wasiachwe kando. Kwa mtoto asiyesikia, kadi za picha na ishara za mikono zinatosha. Kwa mtoto mwenye uoni hafifu, mshale ubandikwe kamba au mbegu ili ausome kwa vidole, na mistari ya miraba iwekwe kamba nene aihisi kwa nyayo. Mtoto asiyeweza kutembea anaweza kuwa mpangaji, au kumwendesha kobe wa udongo juu ya miraba iliyochorwa kwenye boksi mezani.

Maswali ya kujipima

Wazazi wajaribu maswali haya wenyewe kabla ya kuwapa watoto.

Swali la 1: Kadi zimepangwa hivi: lowesha, suuza, paka sabuni, sugua, kausha. Ni kadi ipi haipo mahali pake?

Swali la 2: Kobe anatazama juu. Mchicha uko mraba mmoja mbele, kisha miraba miwili upande wa kushoto. Mpangaji ameweka: mbele, geuka kulia, mbele, mbele. Kosa liko wapi?

Swali la 3: Dada ameambiwa, “Kama mvua inanyesha, ingiza nguo ndani.” Mvua haijanyesha na giza limeingia. Maelekezo yanasema nguo zifanywe nini?

Majibu: Katika swali la 1, kadi ya kusuuza inapaswa kuwa baada ya kusugua. Katika swali la 2, kadi ya pili ibadilishwe iwe geuka kushoto. Nyingine zote ni sahihi, wala hakuna haja ya kuanza upya. Katika swali la 3, maelekezo hayasemi lolote. Mtumishi asiyekisia angeziacha nguo nje usiku kucha. Aliyetoa maelekezo anapaswa kuongeza sharti la pili kuhusu giza.

Hatua za kuchukua

Ili somo hili lisiishie kwenye karatasi, wananchi wanashauriwa kufanya yafuatayo:

• Wiki hii, kila kaya yenye mtoto wa miaka mitatu hadi sita itengeneze kadi tano za kunawa mikono na kuzicheza kwa siku tatu mfululizo.

• Mzazi ambaye mtoto wake anatimiza miaka mitano na hajaandikishwa elimu ya awali aonane na mwalimu mkuu wa shule ya msingi iliyo karibu naye. Uandikishaji wa mwaka unaofuata kwa kawaida huanza mwezi Oktoba. Elimu ya awali katika shule za umma haitozwi ada, na mwaka huo mmoja wa awali ukipita bila mtoto kuwa darasani, hauwezi kurudishwa.

• Mzazi mwenye mtoto mwenye ulemavu asimfiche nyumbani. Afike kwa Afisa Elimu Kata au Afisa Ustawi wa Jamii apate ushauri kuhusu shule inayofaa.

• Umoja wa Wazazi na Walimu katika kila shule ulete ajenda ya zana za michezo katika kikao chake. Maboksi matupu kutoka dukani, vizibo kutoka mgahawani, mabaki ya kitambaa kutoka kwa fundi cherehani: vitu hivyo tunavitupa kila siku, na darasa la awali linavihitaji.

• Wenye vituo vya kulelea watoto wadogo mchana wawaelekeze walezi wao kutumia michezo hii badala ya kuwaketisha watoto mbele ya televisheni.

Walimu na wazazi watakaohitaji ufafanuzi wawaone Maafisa Elimu Kata, au wafike katika ofisi za Divisheni ya Elimu ya Awali na Msingi makao makuu ya Halmashauri, siku za kazi na saa za kazi.

Imetolewa na Kitengo cha Mawasiliano Serikalini, Halmashauri ya Wilaya.